Kwa Nini Dawa ya Saratani Huangusha Nywele

Hutokea katika shule nyingi za sekondari kwamba mwanafunzi hutoweka darasani kwa muhula mzima, kisha hurudi amekonda, kichwa hakina hata unywele mmoja. Wenzake hunong'ona. Wako wanaodhani kwamba ugonjwa wake huambukiza. Wako wanaosema kwamba nywele zimeangushwa na ugonjwa. Na wako, hasa miongoni mwa wazee nyumbani, wanaosema kwamba kilichomharibu mtoto ni dawa ya hospitali, na kwamba lau angaliachwa na maradhi yake angalikuwa na hali njema zaidi.

Hawa wa mwisho wamekosea, lakini wameukaribia ukweli kuliko wale wengine. Nywele ziliangushwa na dawa. Kosa lao ni kudhani kwamba dawa hiyo ilikuwa na kazi mbili, moja njema ya kuyeyusha uvimbe na nyingine mbaya ya kunyonyoa kichwa. Kazi ilikuwa moja tu. Kilichoua uvimbe ndicho kilichoua mashina ya nywele, kwa njia ile ile na kwa sababu ile ile. Mtu akilielewa jambo hili barabara, ataelewa pia kwa nini mgonjwa hupewa dawa kisha huachwa apumzike wiki mbili au tatu, kwa nini homa ndogo ya mgonjwa huyu ni jambo la kukimbilia hospitali usiku wa manane, na kwa nini mzazi amtoaye mtoto wodini siku uvimbe unapotoweka huenda anarudi nyumbani na saratani ile ile.

Seli zilizotulia na seli zisizotulia

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani zile chembe hai ambazo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza amepata kuzichora daftarini. Seli nyingi za mtu mzima zimekwisha kutulia. Seli za ubongo na za misuli ya moyo hufanya kazi usiku na mchana, lakini hazigawanyiki, au hugawanyika kwa nadra mno. Ziko sehemu nyingine, hata hivyo, ambazo ni kama karakana isiyofungwa mlango. Uboho, ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, hutengeneza kila siku chembe nyekundu za damu zipatazo milioni laki mbili, na chembe nyeupe zipatazo milioni laki moja. Utando wa ndani wa utumbo mdogo hujivua na kujivika upya kila baada ya siku chache, na utando wa mdomo hali kadhalika. Na chini ya ngozi ya kichwa, katika shina la kila unywele unaokua, kuna kifundo kidogo cha seli zinazogawanyika bila kupumzika, kila kizazi kikisukuma kilichotangulia kwenda juu.

Saratani huanza pale seli moja inapopoteza breki zake. Watu wengi husema kwamba seli za saratani hugawanyika haraka kuliko seli nyingine zote za mwili. Si kweli. Saratani nyingi hukua polepole kuliko uboho ulio mzima. Tofauti iliyopo ni kwamba uboho hujua wakati wa kukoma, na saratani haijui.

Sasa, seli haiwezi kugawanyika hivi hivi. Kwanza lazima inakili urithi wake wote, yaani ile molekuli ndefu iitwayo DNA, herufi kwa herufi. Kisha lazima izivute kromosomu zake kwenda pande mbili, nusu kwa nusu, pasipo kupoteza hata moja. Katika kunakili na katika kugawa, seli iko katika hatari kubwa, kama mtu anayehama nyumba na vyombo vyake vyote viko barabarani. Dawa nyingi za saratani za aina ya zamani, ambazo hata leo ndizo nguzo ya matibabu, huivizia seli katika saa hiyo. Dawa hizo hazina macho ya kutambua ipi ni seli ya saratani na ipi ni ya uboho. Hutambua jambo moja tu: hii inagawanyika.

Mtoto wa Mulago

Mfano bora wa kujifunzia mambo haya umetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliitwa katika hospitali ya Mulago amtazame mtoto mmoja wa kiume. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakupata kuona kitu cha namna ile. Haukupita muda mrefu, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso wa aina ile ile, na kumbe mtoto huyo alikuwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, alisafiri kwa gari kuukuu kiasi cha kilometa 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza katika kila hospitali kama watoto wa namna ile wamepata kuonekana. Alikuta kwamba ugonjwa huo hupatikana katika nchi zenye joto na mvua, na hukosekana katika nyanda za juu zenye baridi. Leo tunajua kwamba malaria huchangia, pamoja na virusi vilivyogunduliwa ndani ya seli za uvimbe huo mwaka 1964 na Epstein, Achong na Barr huko Uingereza. Lakini hiyo ni hadithi ya makala nyingine.

Linalotuhusu hapa ni matibabu. Kisu hakikufaa, kwa kuwa uvimbe ulikuwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Mionzi ingalifaa, lakini Kampala ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi. Ukosefu huo ndio uliomsukuma Burkitt kuzijaribu dawa mpya kuanzia mwaka 1960 hivi, na jijini Nairobi daktari Peter Clifford alikuwa akifanya jambo hilo hilo. Matokeo yalishangaza dunia. Uvimbe uliokuwa umelisukuma jicho nje ya tundu lake uliyeyuka kwa siku chache, na miongoni mwa watoto waliopata dozi moja au mbili tu wako waliopona kabisa. Mwaka 1967 ilifunguliwa Kampala taasisi ya kuutibu ugonjwa huo, ambayo ndiyo Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkuu wake wa kwanza alikuwa John Ziegler wa Marekani. Alipoondoka mwaka 1972, kazi ilishikwa na daktari Mganda, Charles Olweny, katika miaka migumu ya nchi hiyo.

Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu. Hilo huogofya, lakini ndilo pia linaloeleza mafanikio yale. Katika uvimbe huo karibu kila seli iko katika kugawanyika. Dawa inayovizia wagawanyikaji haikosi shabaha. Saratani zinazokua polepole, ambazo seli zake nyingi zimelala, huiponyoka dawa ile ile kwa urahisi zaidi.

Dawa tatu na asili zake

Dawa tatu zilizojenga sifa ya Kampala zingali zinatumika hadi leo, nazo ni methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini. Kila moja humvizia adui mahali pake.

Methotreksati ni dawa ya udanganyifu. Seli inayotaka kunakili DNA yake huhitaji herufi nne, na moja kati ya hizo, timini, haiwezi kutengenezwa pasipo vitamini iitwayo asidi ya foliki. Katika miaka ya 1940 daktari Sidney Farber wa Boston aliona kwamba watoto wenye saratani ya damu wakipewa asidi ya foliki, ugonjwa wao ulionekana kukimbia zaidi. Akajiuliza: je, wakipewa kitu kinachofanana na vitamini hiyo kwa umbo, lakini kisichofanya kazi yake? Wanakemia wa kikundi cha Yellapragada Subbarow, mwanasayansi kutoka India, walimtengenezea molekuli za namna hiyo, na mwaka 1948 Farber alitangaza kwamba baadhi ya watoto walipata nafuu, ingawa ya muda. Methotreksati ni ndugu wa molekuli zile. Huingia katika kimeng'enya kinachoshughulikia asidi ya foliki kama ufunguo bandia uingiavyo katika kitasa na kukwama humo. Seli hubaki na kazi ya kunakili iliyofika nusu, herufi zimekwisha, nayo hufa.

Siklofosfamidi asili yake ni mbaya zaidi, kwa kuwa ukoo wake ni wa gesi ya haradali, sumu ya vitani iliyoanza kutumiwa mwaka 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza. Madaktari waliowapima wahanga wa gesi hiyo waliona kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimetoweka na uboho umekauka. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya mtu kulisoma jambo hilo kwa upande wake wa pili: kama sumu hii huua chembe nyeupe, basi huenda ikaua saratani ya chembe nyeupe. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman walianza kumtibu mgonjwa wa limfoma kwa jamaa ya sumu hiyo, na uvimbe wake ukanywea, ingawa baadaye ulirudi. Siklofosfamidi, iliyotengenezwa na wanakemia wa Ujerumani katika miaka ya 1950, ni mjukuu aliyefundishwa adabu kidogo: ikiingia mwilini huwa haina makali mpaka ini liibadilishe. Ikishabadilishwa, huzifunga pamoja nyuzi mbili za DNA, kama mtu aliyeshona kurasa za kitabu. Seli ikifika wakati wa kunakili, kitabu hakifunguki.

Vinkristini imetoka katika ua. Wengi wenu mmeliona katika bustani na kando ya barabara za pwani yetu: mmea mfupi wenye majani ya kung'aa na maua meupe au ya waridi yenye petali tano, ambao asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Huko Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake kwa ajili ya kisukari. Katika miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer waliyachunguza majani hayo nchini Kanada. Sukari katika damu ya wanyama wa maabara haikushuka hata kidogo. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Kutokana na mmea huo zilipatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini. Dawa hizi huzuia kujengwa kwa zile nyuzi nyembamba za protini zinazozivuta kromosomu kwenda pande mbili. Kromosomu hujipanga katikati ya seli, zikingoja kamba ambayo haiji. (Mwanafunzi asishawishike kutafuna majani ya mmea huo. Ni sumu, na hutakiwa majani makavu ya mamia ya kilo ili kupata gramu moja ya vinkristini.)

Bei inayolipwa

Tukijua mahali dawa inapopiga, tunaweza kuyatabiri madhara yake kabla ya kuyaona. Hebu tuanze na kichwa. Karibu nywele tisa katika kila kumi za kichwani huwa ziko katika kipindi cha kukua. Dawa ikipita katika damu, seli za shina husita, unywele huwa mwembamba pale chini, na wiki mbili au tatu baadaye hukatika au kung'oka. Nyusi na kope, ambazo nyingi huwa zimepumzika, huchelewa kuanguka, na pengine hazianguki. Kwa mgonjwa, hasa msichana, jambo hili huweza kuwa zito kuliko yote. Kwa daktari ndilo jepesi kuliko yote, kwa sababu haliui mtu.

Linaloua ni lile lisiloonekana. Chembe nyeupe zinazopigana na bakteria huishi katika damu kwa muda wa saa tu, si miezi kama zile nyekundu ambazo huishi siku 120 hivi. Uboho ukisimamishwa kazi, akiba ya chembe nyeupe huisha haraka, na kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa mgonjwa huwa karibu hana askari. Huu ndio wakati wa hatari. Bakteria wanaoishi kwa amani mdomoni na tumboni mwake huweza kuingia katika damu na kumwua kwa siku moja. Hata dalili zake hupotosha. Usaha, kama tujuavyo, ni mizoga ya chembe nyeupe. Asiye na chembe nyeupe hatoi usaha, na kidonda chake huonekana kidogo. Alama inayobaki ni homa peke yake. Kwa hiyo mgonjwa aliyepata dawa za saratani, akipata homa ya nyuzi 38, hapaswi kupewa vidonge vya kutuliza homa na kuambiwa alale mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile, na anayempeleka aseme waziwazi kwamba huyu yuko katika matibabu ya saratani.

Katika juma la tatu uboho huanza tena kazi, kwa kuwa seli zake mama, ambazo nyingi zilikuwa zimelala wakati wa shambulio, huamka na kujaza pengo. Ndiyo maana dawa nyingi hutolewa kwa duru, kila baada ya wiki mbili au tatu. Mapumziko yale hayatolewi kwa huruma tu; yamepimwa kwa mwendo wa uboho.

Mdomo na utumbo hufuata mkondo ule ule. Utando wa zamani huchubuka, mpya haujaja, na mgonjwa hupata vidonda mdomoni na kuharisha. Methotreksati ina sifa mbaya katika jambo hili. Lakini kutapika ni habari nyingine. Hakuletwi na kufa kwa seli zinazogawanyika. Katika shina la ubongo kuna mahali panapoionja damu, na katika ukuta wa utumbo kuna seli zinazopeleka habari huko juu. Zote mbili zikihisi dawa, hutoa amri ya kutapika, kama vile mtu amekula kitu kibaya. Mwili hudhani umepewa sumu, na haujakosea. Tangu miaka ya 1990 zimepatikana dawa zinazoikata habari hiyo njiani, na mgonjwa wa leo hutapika kidogo sana akilinganishwa na yule wa zamani.

Kuna madhara mengine ambayo hayafuati kanuni yetu ya kugawanyika, na mwalimu atafanya vema akiyaonyesha darasani, maana kanuni hujulikana vizuri zaidi pale inapokoma. Seli za neva hazigawanyiki, lakini vinkristini huziumiza. Kwa nini? Kwa sababu zile nyuzi za protini zinazozivuta kromosomu ndizo hizo hizo zinazotumika kama reli ndani ya neva, zikibeba mahitaji kutoka uti wa mgongo hadi kwenye kidole cha mguu, safari ya karibu meta moja kwa mtu mzima. Reli ikiharibika, mwisho wa njia ndio unaokosa mzigo kwanza. Mgonjwa huhisi ganzi na michomo katika vidole, hushindwa kufunga vifungo, na aghalabu hufunga choo, kwa kuwa utumbo pia una neva zake. Siklofosfamidi nayo, ikivunjwa na mwili, huacha masalio makali yanayotoka kwa mkojo na kuunguza kibofu. Ndiyo maana wauguzi humsumbua mgonjwa anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara.

Na kwa limfoma ya Burkitt kuna hatari moja ya ajabu, nayo ni ya ushindi. Uvimbe mkubwa ukifa kwa siku mbili au tatu, yote yaliyokuwa ndani ya seli zake humwagika katika damu: potasiamu, fosfati, na asidi ya uriki inayotokana na DNA iliyovunjika. Figo huziba kwa fuwele, na potasiamu iliyozidi huweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo, kabla ya dozi ya kwanza, mtoto huwekewa dripu ya maji mengi na hupewa dawa ya kuzuia asidi hiyo isitengenezwe. Yaani daktari hujiandaa kwa ajili ya kufaulu kwake mwenyewe.

Hesabu ya ubaoni

Sasa tuje kwenye swali lililo zito kuliko yote. Uvimbe umetoweka baada ya dozi ya kwanza. Taya zimerudi, mtoto anakula, anacheza. Mazao yako shambani, nauli imekwisha, na kila dozi humrudisha mtoto katika mateso. Kwa nini asipelekwe nyumbani?

Jibu lilipatikana kwa panya. Mwaka 1964 Howard Skipper na wenzake, wakifanya kazi katika jimbo la Alabama nchini Marekani, walionyesha kwamba dozi ya dawa haiui idadi fulani ya seli za saratani. Huua sehemu fulani ya zile zilizopo. Kama huua seli 999 katika kila 1,000, basi hufanya hivyo zikiwa nyingi, na hufanya hivyo zikiwa chache. Walionyesha tena kwamba katika panya wao wenye saratani ya damu, hata seli moja iliyobaki hai hutosha kumwua mnyama.

Tuchukue mfano, na wanafunzi waufuate kwa kalamu. Uvimbe wa gramu moja hukadiriwa kuwa na seli kama milioni elfu moja. Mtoto ana uvimbe wa gramu 100, yaani seli 100,000,000,000. Tuseme kila dozi huacha seli moja katika kila 1,000, na zile zinazobaki huongezeka maradufu kila baada ya siku 3. Dozi hutolewa kila baada ya siku 15, muda ambao seli hujizidisha mara tano, ambazo ni sawa na kuzidisha kwa 32.

Baada ya dozi ya kwanza zimebaki seli 100,000,000. Huo ni uvimbe wa sehemu moja ya kumi ya gramu. Hakuna mkono wa mama wala wa daktari utakaoupapasa. Siku ya 15 zimekuwa 3,200,000,000. Dozi ya pili huziacha 3,200,000, zikazidi tena. Baada ya dozi ya tatu ni 102,000 hivi. Baada ya nne, 3,300. Baada ya tano, 105. Baada ya sita, 3. Dozi ya saba ndiyo inayoleta tumaini la kweli kwamba hakuna iliyosalia. Angalia, basi: kwa macho, mtoto huyu alikuwa amepona tangu dozi ya kwanza. Kwa hesabu, kazi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Sasa tuseme dozi ya pili imecheleweshwa, na badala ya siku 15 zimepita 30. Seli zimejizidisha mara kumi, nayo ni sawa na kuzidisha kwa 1,024. Zile 100,000,000 zimekuwa 102,400,000,000. Mtoto yuko nyuma ya mahali alipoanzia, na nywele zake zimekwisha kuanguka bure.

Hii ni hesabu ya ubaoni, na mwili si ubao. Uvimbe haukui kwa mwendo mmoja siku zote, na wale watoto wa Kampala waliopona kwa dozi moja au mbili huwafanya wataalamu waamini kwamba mwili wenyewe huwa na mkono wake katika kumaliza kazi. Lakini hakuna awezaye kujua mapema ni mtoto yupi ataponea hapo, na wengi waliopata nafuu ya haraka walirudiwa na ugonjwa. Wengine walirudiwa katika utando wa ubongo, mahali ambapo dawa nyingi zilizomo katika damu haziingii kwa urahisi. Ndiyo sababu siku hizi mtoto hudungwa pia sindano ya methotreksati katika uti wa mgongo.

Sababu ya kutumia dawa kadhaa kwa pamoja nayo hutokana na hesabu. Katika mamilioni ya seli za uvimbe, chache huwa zimebadilika kwa bahati tu kiasi kwamba dawa fulani haiziui. Ukitumia dawa moja, umezichagulia hizo ziurithi mwili. Seli iliyo sugu kwa dawa tatu zenye njia tatu tofauti ni nadra zaidi. Tena madaktari huchagua dawa ambazo madhara yake hayaangukii mahali pamoja: vinkristini huchokoza neva lakini huugusa uboho kidogo tu, kwa hiyo huweza kuandamana na siklofosfamidi pasipo kuuongezea uboho mzigo mkubwa.

Zipo sasa dawa mpya ambazo zina namna fulani ya macho. Imatinibu, iliyoanza kutumika mwaka 2001, huzima protini moja tu inayoendesha aina fulani ya saratani ya damu. Rituksimabu, ya mwaka 1997, hujibandika juu ya aina moja ya chembe nyeupe. Ni maendeleo makubwa, ingawa nazo zina madhara yake na bei yake. Katika limfoma nyingi, rituksimabu hutolewa pamoja na zile dawa za zamani, si mahali pake.

Anaporudi shuleni

Saratani haiambukizi kwa kukaa dawati moja wala kwa kula pamoja. Hatari iko upande wa pili: ni wenzake wanaoweza kumwambukiza yeye. Surua au tetekuwanga kwake huweza kuwa kifo. Ikitokea shuleni, wazazi wake waarifiwe siku hiyo hiyo. Asipewe chanjo ya virusi hai mpaka daktari aruhusu. Wala asipewe dawa za maumivu au za miti shamba pasipo kuuliza, kwa kuwa baadhi ya dawa za maumivu huizuia methotreksati isitoke mwilini, na sumu yake ikazidi.

Nywele huanza kuota tena kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya dozi ya mwisho, na pengine huota zikiwa laini kuliko za kwanza. Chembe za damu hurudi mapema zaidi. Neva ndizo zinazochelewa, kwa kuwa hujijenga polepole, na ganzi ya vidole huweza kudumu miezi mingi baada ya kila mtu kuusahau ugonjwa. Mwalimu akiona kwamba mwandiko wa mwanafunzi huyo umeharibika, au anaiangusha kalamu, au anachelewa kumaliza mtihani anaoujua, ampe muda zaidi.